Popo wa Darini na Sheria ya Kiota



Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ina aya tatu ambazo hatuna mazoea ya kuzisoma pamoja. Ya sita na ya saba zinamhusu mtu aliyekuta kiota njiani, mama amelalia makinda au mayai. Anaruhusiwa kuchukua makinda, ila mama amwache aende zake, naye mtu huyo ataona heri na siku zake zitakuwa nyingi. Ya nane inamgeukia mwenye nyumba: ukijenga nyumba mpya, weka ukingo kuzunguka paa, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Wahubiri huzitenganisha, kiota kikapata mahubiri yake na paa likapata ya kwake. Wiki hii nimezisoma mfululizo, kwa sababu kigangoni kwetu tuna paa, na ndani ya paa wamo viumbe wanaonyonyesha.

Wanaosali misa ya kwanza wanaijua habari yenyewe. Kunapopambazuka, kabla jua halijapasha mabati, juu ya dari kunakuwa na mchakacho wa kucha na vilio vyembamba, na harufu inayoshuka kwenye nyufa za mbao inamkuta mtu hata hajapiga goti. Jumamosi akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, hufika na mifagio na ndoo, wakasafisha mabenchi ya upande wa kushoto, na kesho yake asubuhi vinyesi vimerudi pale pale. Kitambaa cha altare kinalala kimefunikwa nailoni. Padre anaingia saa moja kusoma misa, kila kitu kinang'aa; akina mama hao wameinama tangu jana yake. Kwa hiyo nisije nikaeleweka kwamba namtetea popo dhidi ya akina mama. Malalamiko yao ni ya haki, na lazima popo hao wahame juu ya altare.

Kinachobishaniwa ni namna ya kuwahamisha. Kwenye kikao cha baraza la kigango yalitolewa mapendekezo matatu. La kwanza, kupulizia sumu ya shambani juu ya dari. La pili, kuchoma pilipili kichaa na kufunga milango, moshi uwafukuze. La tatu liliungwa mkono na wengi kwa kuwa halina gharama: aitwe fundi mchana, popo wote wakiwa wamelala ndani, azibe kila tundu kwa bati na saruji, kazi iishe siku hiyo hiyo. Bibi mmoja ambaye kwa kawaida hasemi vikaoni akauliza, "Na vile vinavyonyonya?" Juma lile alikuwa amekikuta kimoja sakafuni akifagia. Hakikuwa na manyoya, rangi yake nyekundu iliyopauka, macho yamefumba, na kucha zake zimeng'ang'ania unyuzi wa ufagio. Alidhani ni kitoto cha panya mpaka kilipokunjua bawa. Hakukigusa kwa mkono; alikizoa kwa kipande cha boksi akakiegesha juu ya ukuta, chini ya tundu, na kesho yake hakikuwepo. Alifanya vile vile ambavyo wataalamu wangemwelekeza, maana mama popo mara nyingine humfuata mtoto aliyeanguka akamchukua.

Swali la bibi huyo liliahirisha kikao.

Tazameni sheria ya kiota ilivyotungwa. Haikatazi kugusa kiota. Aliyeitoa anajua kwamba watu wana njaa na watoto wao wanalia. Inatoa ruhusa, kisha inaweka mpaka, na mpaka wenyewe ni mama na watoto: usiwachukue wote kwa mkono mmoja. Aliyeondoka na makinda amepata kitoweo, na yule mama atatotoa tena. Ni sheria ya mtu anayekula leo akijua kwamba kuna watakaotaka kula baada yake. Kuziba matundu popo wakiwa ndani ni kuivunja kotekote, maana watakufa kwa kiu na joto chini ya bati, waliozaa na waliozaliwa, na wengine watajipenyeza kwenye nyufa waanguke juu ya mabenchi. Kwa wale waliovutiwa na unafuu wa gharama, naomba mfikirie pia harufu itakayofuata, na kwa wiki ngapi. Hapo ndipo ninapoiona aya ya nane. Mwenye nyumba anaulizwa habari za paa lake. Najua aya inazungumzia damu ya mtu, wala sitavutana na wafasiri. Nasema tu kwamba sheria mbili zinazofuatana hivyo zimenifanya nisiweze kumwambia fundi "ziba" bila kuuliza kwanza nani yumo ndani.

Baada ya kikao mzee mmoja alinifuata hadi kwenye pikipiki. "Padre, lakini popo ni najisi." Kweli, ameandikwa. Yumo Walawi 11:19, yumo Kumbukumbu la Torati 14:18, wa mwisho kabisa katika orodha ya ndege, kwa kuwa enzi zile kiumbe alipangwa kwa mabawa yake na si kwa maziwa yake. Ila mzee wangu, unajisi ule una maana gani? Usimle, na mzoga wake usiuguse. Hakuna palipoandikwa umtafute umuue. Kwa Mwisraeli mwenye kushika Torati, popo alikuwa na usalama kuliko njiwa, maana njiwa alikuwa na soko hekaluni. Na usimle, usimguse, ndiyo maneno yale yale anayotuambia leo mganga mkuu wa wilaya.

Kuna mahali pengine popo anatajwa ambapo wengi hatufiki, kwenye Barua ya Yeremia, sura ya 6 ya kitabu cha Baruku. Mwandishi anazicheka sanamu za Babeli: popo na mbayuwayu wanatua juu ya miili na vichwa vyake, hata paka wanakaa, nazo haziwezi kufanya lolote, ndipo mjue kwamba hizo si miungu. Nimeisoma nikapata faraja. Aliye katika tabernakulo yetu hashindani na popo, wala heshima yake haingoji sumu ya shambani.

Sasa tuwatazame wenyewe. Popo walioko darini kwetu ni wale wadogo wa mijini na vijijini, wanaotosha kiganjani, wenye midomo yenye mikunjo na mkia unaochomoza nje ya utando ulio kati ya miguu. Wanapenda joto la bati kiasi ambacho sisi tusingestahimili hata robo saa. Hawali matunda hata kidogo. Wanakula wadudu: nondo, ambao ndio wazazi wa viwavi tunaopigana nao kwenye mahindi, wadudu wengine wa mimea, kumbikumbi mvua ikinyesha, na mbu pia kwa kiasi chao. Popo anayenyonyesha anaweza kula kwa usiku mmoja wadudu wanaokaribia uzito wake mwenyewe. Na anazaa mtoto mmoja kwa mara. Panya anazaa sita, hata nane, na baada ya wiki chache anazaa tena, ndiyo maana tunamwua kila mwaka na kila mwaka yupo. Popo hana akiba hiyo. Ukiangamiza kundi la darini, wajukuu wako wanaweza wasilione tena.

Wala hao wa darini si popo wote. Duniani wametambuliwa aina zaidi ya 1,400: kati ya kila aina tano za wanyama wanaonyonyesha, moja ni popo. Wapo wenye uzito wa gramu chache wanaolala ndani ya jani changa la mgomba kabla halijafunguka. Wapo wa mapangoni, ambao sisi wa mkoa wa Tanga tunawafahamu kwa sababu ya mapango ya Amboni. Na wapo wakubwa wenye rangi ya majani makavu, wanaosafiri kwa makundi ya maelfu wakitafuta matunda. Hao wakubwa ndio wanaomeza mbegu ndogo za mvule na kuziangusha mbali wakiwa angani. Mabenchi yetu ni ya mvule, yaliachwa na wamisionari. Mbegu ya mti ule huenda ilipandwa na popo kabla babu zetu hawajazaliwa. Hali kadhalika mbuyu: ua lake linafunguka magharibi, jeupe, limening'inia kichwa chini, na kesho yake linanyauka na kuanguka. Limebakiwa na usiku mmoja tu wa kuchavushwa, na usiku huo mgeni wake mkuu katika nchi zetu ni popo anayekuja kulamba utamu akaondoka na unga kifuani. Watoto wanaonunua ubuyu nje ya geti la shule baada ya misa hawajui deni lao.

Nimetaja faida hizi kwa sababu baraza linapenda hesabu. Hata hivyo hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba viumbe vingine vina thamani yake mbele ya Mungu hata kabla hatujauliza vinatufaa nini. Sheria ya kiota nayo haikumweleza Mwisraeli yule ndege anakula wadudu wangapi. Ikiwa siku moja atatokea mtaalamu wa kuthibitisha kwamba popo wetu wa darini hawana msaada wowote kwa mahindi, mimi bado nitauliza habari za watoto wao.

Lazima nizungumzie hofu, maana ndiyo iliyosukuma lile pendekezo la sumu. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera, wilayani Bukoba. Januari 2025 ukatangazwa tena Kagera, safari hii Biharamulo. Kati ya hapo, mwaka 2024, uliingia Rwanda, ukaua watu kadhaa wakiwemo wahudumu wa afya. Tuliwaombea hapa. Popo anayejulikana kuhifadhi virusi vya ugonjwa huo ni popo mla matunda ambaye makao yake makuu ni mapango na machimbo, siyo hawa wadogo wa chini ya bati. Hofu haiulizi aina. Inasikia "popo" na kushika fimbo.

Jirani zetu wa Uganda walishajaribu fimbo. Mwaka 2007 wachimbaji katika mgodi wa Kitaka waliugua Marburg. Ndani ya mgodi walikuwemo popo hao wala matunda kwa makumi ya maelfu, na mwaka uliofuata waliangamizwa kwa makusudi. Miaka minne ikapita. Mwaka 2012 ugonjwa ukazuka tena eneo lile lile, na ukawa mkubwa kuliko wote Uganda iliyokuwa imewahi kuupata wa aina hiyo. Watafiti walipoingia tena mgodini walikuta popo wachache waliorejea, sehemu ndogo sana ya idadi ya kwanza, lakini waliokuwa na virusi walikuwa zaidi ya asilimia 13, wakati kabla ya mauaji walikuwa kama asilimia 5. Yaelekea kundi la zamani lilipoondolewa, nafasi ilichukuliwa na wageni ambao miili yao haikuwa imezoea virusi hivyo. Aliyeua alidhani anaziba mlango.

Tahadhari ya kweli ni ndogo, haina gharama, na naomba viongozi wa jumuiya waisome kwa sauti. Usiingie pangoni au kwenye machimbo yenye popo bila sababu na bila kinga. Usile popo, wala tunda lililotobolewa na kuangushwa usiku. Mtoto asiokote popo aliye chini, hai au mfu, kwa sababu popo aliye chini mchana pengine ni mgonjwa. Akiuma au kukwaruza, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa robo saa, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, maana kichaa cha mbwa hakiletwi na mbwa peke yake. Baada ya hayo, lala usingizi. Popo anayepita juu ya uwanja wako jioni hana habari na wewe.

Kuna hasara ya upande wa pili ambayo haizungumzwi sana. Marekani, tangu mwaka 2006, ukungu ulioingia mapangoni umeua mamilioni ya popo walio katika usingizi wao wa baridi. Mchumi mmoja wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eyal Frank, alifuatilia yaliyotokea katika wilaya zilizopoteza popo, akachapisha matokeo mwaka 2024. Wakulima, wadudu walipowazidi, waliongeza dawa za kuua wadudu kwa karibu theluthi moja. Na vifo vya watoto wachanga katika wilaya hizo viliongezeka kwa karibu asilimia 8. Nimelisoma hilo zaidi ya mara moja. Pale kwetu tulikuwa tunataka kupuliza dawa za namna hiyo juu ya vichwa vya watu wanaosali.

Mfano mwema hauko mbali. Ng'ambo yetu hapa, Pemba, kuna popo asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Ni mkubwa, mwenye uso wa mbweha na manyoya ya rangi ya chungwa kifuani, na mabawa yake yakinyoshwa yanakaribia mita moja na nusu au kuzidi. Misitu alimokuwa akilala ilikatwa kupisha mikarafuu na mashamba, na waliobaki waliwindwa kwa ajili ya nyama, hasa bunduki zilipoongezeka. Mwaka 1989 watafiti walizunguka kisiwa wakaona wachache wa kuhesabika, wengi wakaamini kwamba habari yake imekwisha. Kuanzia mwaka 1995 idara ya misitu ya Zanzibar, kwa kushirikiana na shirika la Fauna & Flora International, ilianza kukaa na wanavijiji. Hapakuwa na uzio wala askari wa kila mti. Vijiji vilivyo karibu na miti ya kulala popo viliunda vikundi vyao, vikakubaliana kutowinda na kutokata miti ile, shule zikafundisha, na Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, wageni wakaanza kufika kuwatazama popo wakilipa kiingilio kinachobaki kijijini. Baadhi ya makao yao yalikuwa tayari na ulinzi wa zamani zaidi: vichaka vya makaburi, ambavyo mtu mwenye adabu haingii na shoka. Kabla miaka ishirini haijatimia tangu ile hesabu ya kukatisha tamaa, popo wa Pemba walikuwa wamezidi 20,000, na katika orodha ya kimataifa ya viumbe vinavyotoweka wakashushwa kutoka kundi la hatari ya juu kabisa.

Wenye umri wangu mtakumbuka jambo jingine la Pemba la mwaka huo huo wa 1995. Ndio mwaka wa uvumi wa popobawa, pepo wa usiku. Hofu ilianzia kule, ikavuka hadi Unguja, ikafika Dar es Salaam, watu wakalala nje makundi makundi wakiwasha moto. Sitaki kuingia katika maelezo ya kilichokuwa kikisimuliwa. Nashangaa tu kwamba katika kisiwa hicho hicho, mwaka huo huo, mtu angeweza kukaa usiku akiogopa bawa lisiloonekana, na asubuhi akahudhuria mkutano wa kijiji wa kulinda bawa analoliona. Na walihudhuria. Ni ndugu zetu Waislamu walioifanya kazi hiyo, na nawapa heshima yao.

Basi tuje majumbani, kwa sababu paa la kanisa ni moja na mapaa ya waumini ni mengi, na wengi mmeniambia mnao.

Kwanza ujue ni nani uliye naye. Chukua kinyesi kimoja kwa kijiti ukisagie juu ya jiwe. Cha panya ni kigumu, kinabanana. Cha popo mla wadudu kinavunjika kuwa unga, na ndani ya unga vinameremeta vipande vya mabawa ya wadudu. Kisha keti nje kuanzia saa kumi na mbili jioni, wewe upande mmoja wa nyumba na mwanao upande wa pili. Utaona wanapotokea: popo anatambaa hadi ukingoni mwa bati, anajiachia, anashuka kidogo ndipo anapiga mbawa. Tundu wanalolitumia lina doa la kahawia la mafuta ya miili yao, na nafasi ya upana wa kidole inawatosha. Hesabu matundu yote. Watu huziba moja wakaacha matatu.

Halafu subiri, na kusubiri huku ndiko kuliko na uzito. Wakishatoka wote, ukimya ukitanda, simama chini ya dari usikilize. Ukisikia vilio vyembamba saa mbili usiku, wakati wakubwa wameenda kuwinda, hao ni watoto. Usifanye chochote. Mtoto wa popo anahitaji wiki kadhaa, mara nyingi hadi sita, kabla hajaweza kuruka. Huku kwetu kwenye joto aina nyingine huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo usitegemee kalenda ya mtu wa Ulaya. Tegemea sikio lako.

Siku utakayosikia kimya, fundi ana kazi. Anafunga juu ya kila tundu wavu wa plastiki wenye matundu madogo kuliko punje ya mahindi, ameukaza juu na pembeni, na chini ameuacha wazi ukining'inia nusu mita hivi kupita tundu. Popo akitoka anatambaa chini ndani ya wavu na kuruka. Akirudi alfajiri anakwenda moja kwa moja pale anaponusa tundu lake, anakuta wavu, hajui kwamba njia iko chini. Atazunguka kisha atafute pengine. Wavu ubaki juma zima ili hata aliyechelewa atoke. Ndipo ziba sasa, kwa bati, ubao au saruji, na usisahau kofia ya paa na zile sehemu ambapo migongo ya bati inaacha uwazi juu ya ukuta. Naftalini, pilipili, redio inayopiga kelele usiku kucha, vyote hivyo ni kupoteza fedha, na sumu ni hatari kwako kuliko kwake.

Vinyesi vilivyoachwa darini visifagiliwe vikiwa vikavu. Vumbi lake linaweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu. Nyunyizia maji kwanza, vaa barakoa na glavu, zoa kwa koleo, kisha vizikwe shambani vioze. Ni mbolea ambayo wengine wanaitafuta kwa fedha.

Anayetaka kuwapa makao mengine anaweza kumwomba seremala sanduku jembamba la mbao zisizopigwa randa kwa ndani wala kupakwa rangi, lililo wazi kwa chini, na kati ya ubao na ubao nafasi ya sentimita mbili hivi. Litundikwe juu ukutani au kwenye nguzo, mita nne au tano, mbali na matawi, na kwa joto letu la pwani lipate kivuli cha mchana. Litundikwe kabla ya kufunga wavu. Huenda wasiingie mwaka mzima. Seremala alipwe hivyo hivyo.

Lakini si kila popo wa kuhamishwa. Kama wako kwenye ghala au banda ambalo halali mtu, waache, wanakufanyia kazi usiku. Zima taa za nje zisizo na lazima. Wapo popo wanaokwepa mwanga na kuacha njia zao za kuwindia. Mbuyu na mkuyu ulio mpakani mwa shamba lako usiukate kwa ajili ya mkaa kwa sababu eti "unaleta popo". Kwenye miembe, vuna mapema yale yaliyokomaa uivishie ndani, na matawi ya chini unaweza kuyafunika kwa wavu uliokazwa vizuri. Wavu uliolegea unanasa mabawa, utamkuta asubuhi amening'inia. Maembe ya kileleni, ambayo hata hivyo hakuna mtoto anayeyafikia, mwachie.

Huko Uingereza popo analindwa kwa sheria tangu mwaka 1981, hata akiwa kanisani, na maparoko kule wana vikao vya popo virefu kuliko chetu. Najua hilo halimpunguzii maumivu ya mgongo mama anayefagia.

Kwa hiyo, kwa kigango chetu, nimepanga hivi na baraza limekubali. Katekista na vijana wawili wa VIWAWA, umoja wa vijana Wakatoliki, watasikiliza chini ya dari kila jioni baada ya rozari na kuandika wanachosikia. Mpaka waandike kimya kwa juma zima, hakuna anayepanda juu. Wakati huo wote usafi wa Jumamosi utafanywa kwa zamu na wanaume pia. Majina ya zamu ya kwanza yamebandikwa mlangoni, na ndiyo, jina langu lipo. Wavu tumeshapata. Ngazi ya parokia haifiki kwenye kofia ya paa, hivyo mwenye ngazi ndefu amwone katekista kabla ya Jumapili ijayo.